Uzi: Mwanangu wa miaka 16 alitoa Premio usiku akashindane. Kweli kuna darasa la vijana la dragi, zile mbio fupi za magari mawili kwenye lami iliyonyooka?

Ajenti_Mpakani (Busia) – Jumamosi, saa 3 usiku

Wana jukwaa, salamu. Mimi ni ajenti wa kupitisha mizigo hapa Busia, upande wa Uganda. Jambo hili limenikaa kooni wiki mbili, na nyumbani sina wa kumwambia, maana mama watoto akilijua lote hapatalalika.

Mwanangu wa pili yuko S.3, miaka 16, amekuja likizo. Ijumaa moja usiku yeye na wenzake wawili waliitoa Premio yangu uani kwa kuisukuma, injini imezimwa, hadi kona ya msikiti. Huko ndiko walikoiwasha. Wakaenda lami ya Majanji, wakapangana na kijana mwingine mwenye Subaru, wakafyatuka. Nilijua asubuhi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele, na tangi nililoliacha nusu lilikuwa limewasha taa.

Sikumpiga, ingawa mkono uliniwasha. Nilimnyang'anya simu. Siku ya tatu akaniomba nimrudishie dakika tano tu anionyeshe kitu. Ilikuwa video ya Marekani: watoto, wengine hata miaka kumi hawajafika, wameketi ndani ya vigari virefu vyembamba kama sindano, wawili wawili, taa zinashuka, wanachomoka. Nyuma yao wamesimama baba zao na mama zao, wamekunja mikono. Akaniambia, "Baba, hawa wana leseni ya kufanya hivi. Mimi kosa langu ni kuzaliwa Busia."

Neno hilo lilinichoma kuliko mafuta aliyoyamaliza. Sasa nauliza wenye kujua. Hayo madarasa yanafundisha nini hasa, mbali na kukanyaga mafuta? Uganda tunacho kitu cha namna hiyo? Na ukimfundisha kijana mbio, moto unapoa au ndio umeumwagia petroli?

Waragi_Kidogo (Tororo)

Uza Premio, nunua punda. Punda akiona hatari anasimama mwenyewe, hasubiri dereva.

Mama_Wodi (Jinja)

Ndugu Ajenti, pole. Lakini swali lako la mwisho nalijibu kwanza, tena bila kuzunguka: umeumwagia petroli. Mimi ni muuguzi, hospitali siitaji. Wikendi tunapokea vijana wa miaka hiyo hiyo, wengi wa pikipiki, wachache wa magari ya wazazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia alikuwa anakwenda polepole. Sasa wewe unataka umtafutie mwalimu wa kumwongezea kasi?

Afande_Mstaafu (Iganga)

Nimefanya trafiki miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nianze na sheria, halafu nitasema niliyoyaona.

Pamiti ya gari Uganda ni kuanzia miaka 18. Mwanao ana 16. Kwa hiyo usiku ule, hata angekwenda kilomita 20 kwa saa hadi dukani na kurudi, tayari alikuwa na kosa. Na gari ni lako, Ajenti. Angemgonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni mwenye gari.

Niliyoyaona ni haya. Watu hudhani vijana wa mbio za usiku hufa kwa sababu ya kukimbia. Wanakufa kwa sababu ya kusimama. Kukimbia moja kwa moja kwenye lami nzuri hata mjinga anaweza. Shida inakuja pale mbele: baiskeli isiyo na taa imebeba mkaa, ng'ombe amelala kwenye lami kwa sababu ina joto, lori limekufa na dereva ameweka matawi mita kumi tu nyuma yake. Kijana anayaona matawi akiwa tayari ameyapita. Lami ya Majanji naijua. Mwambie mwanao ana bahati, na bahati haina mkataba.

S4_Mbale

Wazee wangu, mimi ni kijana, naomba nisitukanwe. Tunashindana barabarani kwa sababu hakuna mahali pengine. Wenye magari ya rali wana rali. Sisi tuna nini?

Jirani_Malaba

@S4_Mbale nani kakuambia rali ni ya wenye magari tu? Na hivi, mbona watu wanaongea kana kwamba Uganda haijawahi kuona mtoto kwenye mbio? Nenda Garuga, njia ya Entebbe, siku ya motokrosi. Utaona watoto wa shule ya msingi juu ya pikipiki za cc 50, wakubwa kidogo cc 65, halafu 85, kila umri na daraja lake, wazazi wamejaa pembeni na mafuta ya breki na ndizi. Na kwa wakubwa, Charles Muhangi alikuwa bingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge alichukua ubingwa wa taifa mwaka 2011, mwanamke, akiwaacha wanaume wakitafuta sababu. Mbio za vijana tunazo. Za dragi kwa vijana ndizo sijaziona. Ajenti, waulize shirikisho la vilabu vya michezo ya magari, FMU, kabla ya kuuliza mtandao.

Ajenti_Mpakani

Asante Jirani. Motokrosi nimemtajia. Amesema pikipiki ni za watoto. (Nimecheka peke yangu.)

Mama Wodi, nimekusikia. Lakini kumfungia funguo nimeshafanya, na ameshanionyesha kwamba gari linaweza kusukumwa.

Mganda_Houston

Nimeona uzi huu asubuhi ya huku nikachelewa kazini. Mimi ni mzaliwa wa Tororo, niko Texas miaka kumi na kitu. Binti wa dada yangu anakimbiza vile vigari vya sindano, na mimi ndiye msukumaji wake, yaani wikendi nasukuma gari kutoka kwenye trela hadi kwenye foleni. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Chama kikubwa cha dragi huku ni NHRA, kilianzishwa mwaka 1951, na sababu yake ilikuwa hii hii ya lami ya Majanji: vijana wa baada ya vita walikuwa wanashindana barabarani usiku, wanauana. Mchezo wenyewe ulihamia kwenye viwanja vya ndege vilivyobaki wazi. Ule wa Santa Ana, California, ulianza kutoza kiingilio mwaka 1950. Daraja la watoto lilikuja baadaye sana, mwaka 1992. Vigari ni nusu ya saizi ya dragsta ya wakubwa, injini ni ya silinda moja, iko nyuma ya dereva. Mwanzoni zilikuwa injini za nguvu za farasi 5, ndugu za zile za kukata nyasi.

Wanakimbia mita 201 tu, nusu ya umbali wa jadi wa wakubwa. Umri ni kuanzia 5 hadi 17, na hapa ndipo wazazi wengi hushangaa: kila umri una mwiko wa kasi. Wa miaka 13 hadi 17 haruhusiwi kumaliza chini ya sekunde 7.90 wala kuzidi maili 85, kama kilomita 137 kwa saa. Wa 10 hadi 12 mwisho wake ni 8.90. Wa 8 na 9 ni 11.90. Wale wa miaka 5 hawashindani na mtu, wanajifunza tu kwenda na kusimama.

Sasa jambo lenyewe. Mtu akiona video anadhani wa kwanza kufika ndiye mshindi. Sivyo. Kabla ya kukimbia, kila mtoto anaandika kwenye kioo au ubavuni muda ambao yeye anasema gari lake litatumia. Wenyewe wana jina lao la kizungu, mimi nauita ahadi. Mwenye ahadi ya polepole anaondoka kwanza, mwenye kasi anasubiri tofauti yao. Ukifika kwa muda mfupi kuliko ahadi yako, umevunja ahadi, umeshindwa, hata kama ulimwacha mwenzako mbali.

S4_Mbale

Ngoja. Yaani ukiwa na kasi kuliko ulivyosema, unashindwa? Hizo ni mbio gani?

Mganda_Houston

Ndiyo mbio hizo, mdogo wangu. Chukua mfano. Wewe umeandika 9.00, binti wa dada yangu ameandika 11.00. Yeye anapewa taa ya kijani sekunde 2 kabla yako. Wewe unakaa pale, injini inanguruma, unamwona anaondoka, anakwenda, anakwenda, na huruhusiwi kugusa. Ukiruka kabla ya kijani, taa nyekundu, mbio zimeisha hapo hapo. Ukitoka vizuri ukamkamata mwishoni lakini karatasi ya muda ikatoka 8.97, ameshinda yeye. Mkivunja ahadi wote wawili, aliyevunja kwa kidogo ndiye mshindi.

Kwa hiyo mtoto anayeshinda ni yule anayelijua gari lake. Asubuhi hewa ni nzito, gari linakimbia zaidi. Mchana jua likiwaka linachoka. Upepo wa mbele, upepo wa nyuma, tairi lina hewa kiasi gani. Binti wetu ana daftari la miaka mitatu, kila mbio ameandika. Hesabu alizokuwa anazikimbia darasani anazifanya amekaa juu ya ndoo.

Na mti wa taa: taa tatu za njano zinashuka moja baada ya nyingine, nusu sekunde kati yake, halafu kijani. Ukisubiri uione kijani ndipo ukanyage, umechelewa. Wazoefu wanaondoka na njano ya mwisho. Hapo ndipo mechi nyingi zinaamuliwa, mguu haujafika hata sakafuni.

Kwa kijana wa rika la mwanao kuna pia daraja la magari ya kawaida ya barabarani, kuanzia miaka 13. Mtoto anaendesha, na kwenye kiti cha pembeni lazima akae mtu mzima mwenye leseni. Hawaruhusiwi kushuka chini ya sekunde 9.00 kwa mita 201. Corolla ya kubebea mboga inaruhusiwa, mradi iwe salama. Ajenti, fikiria Premio yako, kijana kwenye usukani, na wewe pembeni umefunga mkanda.

Waragi_Kidogo (Tororo)

Ajenti pembeni? Breki zitakanyagwa kutoka viti vyote viwili.

Ajenti_Mpakani

Sitabisha.

Mama_Wodi (Jinja)

Houston, umeeleza vizuri na nimesoma yote mara mbili. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilomita 137 ni kilomita 137 hata mtoto akiwa na daftari. Shingo ya mtoto wa miaka kumi na mitatu ni nini mbele ya kasi hiyo, na kofia yenyewe ina uzito?

Mganda_Houston

Dada, swali zuri. Mtoto anafungwa mkanda wa sehemu tano, anavaa kola ya shingo chini ya helmeti, na mikono yake ina kamba za kuizuia isitoke nje ya kizimba cha chuma kinachomzunguka gari likipinduka. Jaketi na glovu za kuzuia moto. Kabla ya kukimbia hata mita moja anafundishwa kujifungua na kutoka mwenyewe. Leseni anaipata kwa hatua: kwanza mita chache na kusimama, halafu nusu, halafu yote, na kuna mkubwa anatazama kama anashika mstari au anayumba. Anayeyumba anarudishwa.

Na sipaki mafuta. Nimemwona kijana aliyepita kwenye madarasa haya vizuri kabisa, akafika miaka 18, akakamatwa na polisi akishindana barabarani. Baba yake aliacha kuja uwanjani kijana alipofika 15, akawa anampa tu pesa ya kiingilio. Nimewaona wengine ambao barabara imewaisha hamu, wanasema haina taa wala karatasi ya muda, sasa utajuaje kama ulikuwa hodari?

Mfano wa hapa hapa: Erica Enders alianza kwenye daraja hili la watoto akiwa na miaka 8, mwaka ule ule lilipoanzishwa. Amekuja kuchukua ubingwa wa dunia wa Pro Stock, daraja moja la wakubwa, mara sita, wa kwanza mwaka 2014. Najua, mmoja haoneshi wote. Namtaja kwa sababu binti wetu ana picha yake juu ya kitanda.

Fundi_Ndeeba

Nimekuja na grisi mikononi. Wengi wameanza kuniandikia inboksi, "Fundi tutengenezee moja". Ngoja niseme hadharani.

Kigari chenyewe si muujiza. Injini ya Bajaj Boxer ya 150 iko kila kona ya nchi hii, vipuri vyake Kisekka unavipata ukiwa umefumba macho. Fremu ndefu, usukani, tairi nyembamba mbele na pana nyuma. Fundi yeyote mwenye akili atakuundia kwa wiki mbili kitu kitakachokimbia.

Hilo ndilo linalonitisha. Kitakimbia. Kizimba cha kumlinda mtoto ndicho kitakachoshonwa kwa bomba za geti. Bomba za geti na za kizimba si ndugu. Za kizimba zina unene uliopimwa na chuma chake ni kingine, kikigongwa kinapinda na kunyonya. Bomba la geti linakatika kwenye weldi, na likikatika linakuwa mkuki. Nimeona gari moja la "mashindano" limetengenezwa mahali fulani mjini, kizimba kimepakwa rangi nyekundu nzuri, ndani ya weldi kuna hewa tupu. Niligonga kwa nyundo nikasikia.

Halafu hesabu ya Afande ya kusimama. Kilomita 137 kwa saa ni mita 38 kila sekunde. Vigari vile vina breki za nyuma tu. Mtoto akichelewa sekunde moja kuachia mafuta, mita 38 zimekwenda kabla breki hazijaguswa. Kwa hiyo ukitaka mita 201 za kukimbia, utafute mara mbili yake au zaidi za kusimamia, tambarare, pasipo mti wala mtaro wala mama anayeuza mahindi. Niambieni iko wapi.

Jambo dogo la juu ya hilo: sisi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu au zaidi kidogo. Kwa hiyo mkitazama video za Houston, msitarajie muda ule ule hapa kwa injini ile ile. Ahadi itabidi iandikwe upya.

S4_Mbale

Uwanja wa ndege wa Soroti una lami.

Afande_Mstaafu (Iganga)

Na una chuo cha urubani, kijana. Utapangana na ndege?

Lakini wazo si baya. Viwanja vya ndege vya mikoani vina mamlaka yake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mtu mmoja mmoja akienda pale atafukuzwa getini. Klabu iliyosajiliwa, yenye bima, yenye ambulensi na barua ya polisi, angalau itapewa kiti. Rali hufunga barabara za umma kwa utaratibu huo huo. Haianzi na gari, inaanza na barua.

Waragi_Kidogo (Tororo)

Houston, hivyo vigari vinakunywa nini? Petroli?

Mganda_Houston

Petroli inawezekana. Wengi wanatumia methanoli, injini inabaki ya baridi na nguvu zinaongezeka.

Waragi_Kidogo (Tororo)

Methanoli! Nani atalinda pipa?

Mama_Wodi (Jinja)

Hili lisiwe mzaha. Mwaka 2010 kule Kabale watu walikufa kwa makumi kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Waliopona, wengine walibaki vipofu. Pia moto wake mchana hauonekani. Mtoto anaweza kuwa anaungua na mzazi amesimama anatazama. Kama kuna siku mtaanzisha klabu hiyo, tumieni petroli, na kama ni nyingine, pipa liwe na kufuli na mtu mwenye kufuli awe mwanamke asiyekunywa.

Fundi_Ndeeba

Naunga mkono kwa mikono miwili yenye grisi.

Ajenti, nirudi kwako, maana uzi umekukimbia. Kijana wako hahitaji gari kwa sasa. Anachotaka kujua ni kama yeye ni hodari. Sehemu ya uhodari ambayo Houston ameieleza, ile ya taa na ahadi, haihitaji injini. Mti wa taa nitakuundia kwa balbu za pikipiki: njano tatu, kijani moja, nyekundu moja, betri ya boda, na sakiti ndogo ya kuhesabu nusu sekunde. Mbio zenyewe zifanyeni kwa baiskeli. Busia mnashindwaje? Boda boda ilizaliwa hapo hapo mpakani, na ilikuwa baiskeli.

Mganda_Houston

Fundi umeua. Huku watu wazima wana miti ya mazoezi sebuleni, wanakaa kwenye kochi wanabonyeza kitufe hadi usiku wa manane.

S4_Mbale

Baiskeli? Mnatuaibisha.

Ajenti_Mpakani

Fundi, nitumie inboksi bei ya balbu. Nitajaribu. Likizo imebaki wiki mbili.

*(siku kumi na moja baadaye)*

Ajenti_Mpakani (Busia) – Jumatano, saa 4 usiku

Nimerudi. Mti wa Fundi ulifika kwa basi ukiwa umefungwa kwenye gunia la maharage, taa moja ya njano imepasuka, nikanunua nyingine hapa.

Jumapili mchana tulikwenda shambani kwa mjomba wangu, kuna njia ya murram iliyonyooka ndani ya shamba lake, hakuna anayepita. Tulipima hatua mia moja. Walikuja watoto sita: mwanangu, wale wenzake wawili wa usiku ule (baba zao nao walikuja, tulikuwa hatujawahi kuzungumza jambo hili tukiangaliana usoni), wajomba wawili wadogo, na binti wa jirani, miaka 12, ambaye kila siku huchota maji kwa baiskeli ya baba yake, jerikeni nyuma. Huyo hakualikwa. Alikuwa anapita akauliza, "Mnafanya nini?" Tukamwambia. Akashusha jerikeni.

Kila mmoja alikimbia mara mbili kujipima, halafu akaandika ahadi kwenye kadibodi. Mwanangu aliandika 15. Binti aliandika 21. Watu walicheka.

Mbio za kwanza: binti akaondoka. Mwanangu akasubiri sekunde sita. Ndugu zangu, sekunde sita ni nyingi sana mtu akiwa mbele yako anakwenda. Mguu wake ulikuwa unatetemeka juu ya pedali. Taa ikafika, akatoka kama mwizi, akamkamata karibu na mwisho, akampita, akanyoosha mikono. Saa ikasema 14.2. Binti alitumia 21.3.

"Nimemshinda watu wote wakiona!" Nikamwambia ulisema 15. Akaniangalia kama nimemuuza.

Mbio za pili akaandika 14, kwa hasira. Sasa anasubiri sekunde saba. Alipofika karibu na mstari akakumbuka habari ya kuvunja ahadi, akageuka kumtazama binti yuko wapi, akalegea. 15.1. Binti 21.1, ameshapita. Yule mtoto hana siri yoyote. Anaendesha hivyo hivyo kila siku kwa sababu akienda mbio maji yanamwagika.

Alimshinda kila mtu. Mwenzake mmoja alikata rufaa, kwamba simu ya baba yake ilionyesha 20.9 mbio za mwisho na yangu 21.2. Kesi iko kwa mjomba, bado hajatoa hukumu.

Mwanangu hakuzungumza njia nzima kurudi. Jana jioni sikumwona nyumbani, moyo ukaruka, nikaenda kuangalia gari. Gari lipo. Baiskeli haipo. Nilimkuta kule shambani peke yake, giza linaingia, simu kwenye jiwe inahesabu. Ukutani kwa ghala la mjomba ameandika kwa mkaa: 14.6, 14.8, 14.6, 14.5, 14.6. Sikumwita. Nilirudi nikamngoja barabarani.

FMU nimewaandikia pia. Nikijibiwa nitaleta hapa. Motokrosi ya Garuga ijayo tunakwenda kutazama, amekubali kwa masharti kwamba ni "kutazama tu".

S4_Mbale

Murram mita mia, 14.5? Aje Mbale.

Waragi_Kidogo (Tororo)

Wewe andika ahadi yako kwanza. Na huyo binti wa maji namtaka kwenye timu yangu, nitabeba jerikeni mwenyewe.

Mama_Wodi (Jinja)

Ajenti, nimefurahi. Walivaa helmeti?

Ajenti_Mpakani

Wawili kati ya sita.

Mama_Wodi (Jinja)

Basi rudi uniandikie wakivaa wote sita.